Kwangu Tupu

Kisangani, msimu wa mvua wa 2024

Jumatatu, 12 Agosti

Annette amepiga simu asubuhi nikiwa natoa mabeseni nje ya duka. Wiki saba nilikuwa sijui kama mdogo wangu yuko hai. Namba ilikuwa ngeni, nikadhani ni mtu wa kunisumbua, nikajibu kwa ukali kama kawaida yangu. Kumbe ni yeye, anayeniita yaya, dada mkubwa, yuko Butembo.

"Yaya, tulifika. Miye na basichana babili."

"Na Mumbere?"

Aliwaambia wasichana watoke nje kwanza.

"Mumbere haiko na miye, yaya."

Siku risasi zilipofika kijijini kwetu, kule kusini ya Lubero, watu waligombania camion moja iliyopakia maharagwe. Annette alimtupa Mumbere juu kwanza, maana ndiye mkubwa, ana miaka tisa, ili awapokee wadogo zake. Camion ikaondoka kabla hajawainua wadogo. Mtoto alibaki amenyoosha mikono. Jirani mmoja aliyekuwa juu ya magunia alishuka njiani, Komanda, na yeye ndiye amemwambia Annette kwamba dereva alikuwa anapeleka maharagwe yake Kisangani.

"Njo maana ninakuita, yaya. Weye njo uko kule."

Mimi ndiye niko huku, sawa. Mtoto huyo nilimwona mara ya mwisho ana miaka mitatu. Nimefunga duka saa nne, nikakaa ndani kati ya masufuria, nikalia peke yangu vizuri.

Jumatano, 14 Agosti

Nimeweka picha ya Mumbere kwenye Facebook na kwenye WhatsApp zote: ya soko, ya parokia, ya wafanyabiashara wetu wa Kivu. Annette ana picha moja tu, ya shule, na humo mtoto amefumba macho. Nimeandika jina, umri, na "saidieni kupeleka mbele".

Hadi jioni nimepata mikono ya kuomba mia mbili na kumi na nne. Ile midogo ya njano. Niliwajibu wote "asante" na moyoni nawatukana. Hakuna hata mmoja aliyeinuka kwenye kiti.

Jumamosi, 17 Agosti

Glodie, mwanafunzi anayepanga chumba cha nyuma, ameona uso wangu na kuuliza. Kucha ndefu, simu mkononi hata akichota maji. Sikuwahi kumheshimu. Lakini kabla ya saa sita alikuwa amefungua kundi, ameliita Tutafute Watoto, na watu mia tatu wameingia.

"Maman Générose, batu beko na roho muzuri. Hawajui tu bafanye nini."

Nilimwambia roho bila miguu haifiki popote. Akacheka, akaendelea kugonga simu kwa kucha zake.

Jumapili, 18 Agosti

Mvua tangu misa ya kwanza. Stoo inavuja.

Jumamosi, 24 Agosti

Mumbere thelathini na mmoja.

Nilipaswa kujua. Kwetu Wanande majina yanafuata zamu ya kuzaliwa. Mwanaume wa kwanza anaweza kuitwa Mumbere, wa pili Kambale, na kuendelea. Ukisimama Butembo sokoni ukaita Mumbere, nusu ya wanaume watageuka. Na mimi nimeandika kwenye internet, kwa herufi kubwa, ANATAFUTWA MUMBERE. Sasa wananiletea wote. Mumbere fundi wa pikipiki. Mumbere wa miaka arobaini na mbili aliyesema kama kuna chakula yuko tayari kutafutwa. Hata kutoka Kinshasa wamenitumia Mumbere mwanajeshi.

Nimecheka, halafu kicheko kimenigeuka. Kati ya hao thelathini na mmoja huenda wangu yumo, na simjui uso.

Jumanne, 27 Agosti

Leo ameingia mama mmoja wa Wagenia, wale wavuvi wa kwenye maporomoko, amekuja kuchaji simu kwenye panneau yangu ya jua. Jina lake Alphonsine. Anauza samaki wa kuokwa kwa moshi, na duka zima likanuka moshi. Nilimwomba akae upande wa mlango. Simu yake imepasuka kioo, ameifunga na kipande cha mpira wa baiskeli.

Akasema amesikia habari ya mtoto, anataka kuingia kwenye kundi. Nikajua: huyu anataka kuuza samaki humo.

"Unajua kusoma, mama?"

"Hapana. Lakini masikio yangu iko muzima."

Glodie amemwingiza. Yeye atasikiliza na kutuma vocal tu, ujumbe wa sauti. Vizuri, nikasema, tumepata redio.

Ijumaa, 30 Agosti

Naandika hili polepole maana nataka nilikumbuke kama lilivyosemwa.

Mama Alphonsine alikuja saa kumi na mbili asubuhi, kabla sijafungua. Amesikiliza vocal zote za kundi kwa siku tatu, za watu mia tatu. Alikaa juu ya beseni lililopinduliwa, akaniambia hivi:

"Mama, weye unaita batu mia tatu bote batafute fasi yote. Njo maana hakuna mwenye anatafuta."

Nilitaka kumjibu. Akaendelea.

"Kwetu, mu famille yetu, mayi ikibeba mutu, hatukimbie-kimbie. Kila mutu iko na fasi yake kwenye mayi, na kitunga yake ya samaki. Njo ile anaangalia, asubuhi na mangaribi. Anarudi, anasema. Hata hakuna kitu, anasema: kwangu tupu. Sasa tunajua ile fasi ilishaangaliwa. Tunatafuta kwengine."

"Na mwenye hasemi?"

"Mwenye hasemi, tunamufwata ku nyumba yake, tunamuuliza iko na shida gani."

Glodie alikuwa amesimama mlangoni na mswaki mdomoni. Akatema mate uani, akarudi na simu. Mpaka saa tatu walikuwa wameshagawa mahali. Bangboka, barabara ya uwanja wa ndege: mwendesha toleka mmoja anayepita huko kila siku na baiskeli yake. Parokia kumi, mtu mmoja kila moja. Hospitali mbili. Bandari ya baleinière, zile boti kubwa za mbao. Isangi, chini ya mto: Hilaire, mekanisia wa mashine za boti. Mimi nikapewa parking ya camion zinazotoka Butembo, maana madereva ni watu wa kwetu na lugha yao naijua.

"Na miye, nasema nini ku jina?" nikauliza, maana shida ya jina ilikuwa bado.

"Jina utaacha. Mama yake anamuitaka namna gani, mangaribi, chakula ikiwa tayari? Ile sauti njo jina yake," Alphonsine akasema.

Nimepiga simu kwa Annette. Amecheka mara ya kwanza tangu Agosti ianze. Anasema kila jioni anapaza: "Mumbere, mikono!" Na mtoto, popote alipo, bila kugusa maji, anajibu jambo lile lile. Amenong'oneza jibu hilo, nami silisemi kwa mtu wala siliandiki hapa, litakuwa ufunguo wetu. Baadaye ametuma vocal, "Mumbere, mikono!" peke yake, kwa sauti yake ya kuita. Nimeisikiliza mara kumi.

Jumapili, 1 Septemba

Parking. Camion nne. Kwangu tupu.

Jumatatu, 2 Septemba

Kwangu tupu. Matope hadi magotini.

Jumanne, 3 Septemba

Kwangu tupu.

Jumatatu, 9 Septemba

Nisiwe mchoyo wa sifa, niandike.

Mama Alphonsine hana mega hata moja ya internet. Anakuja mlangoni kwangu saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, ninamgawia connexion yangu, anasimama kwenye mvua na kitambaa cha plastiki kichwani na kusikiliza vituo vyote kumi na sita. Kila anayesema "kwangu tupu", yeye anamjibu: "Tumesikia." Kila mmoja, mara mbili kwa siku. Nilimuuliza kwa nini asijibu mara moja kwa wote. Akaniangalia kama nimeuliza kwa nini watoto wote wasilishwe kijiko kimoja.

Wengi kwenye kundi hawana mega za kufungulia vocal. Basi Marie-Jeanne, mwanamke wa hapa hapa Mangobo ambaye sasa anaosha ofisi huko ng'ambo, Liège, anazisikiliza akiwa ndani ya basi na kuziandika zote kwa maneno machache, ili hata mwenye mega kidogo asome. Hajawahi kukosa. Hajui Annette wala mimi.

Hilaire wa Isangi, ili apate réseau ya simu, anapanda juu ya kontena bandarini na kunyoosha mkono. Jana aliteleza, akaanguka, akatuma vocal akiwa chini: "Kwangu tupu, na mukongo inauma." Alphonsine akamjibu: "Tumesikia yote mbili."

Na watoto wengine wamepatikana. Sita mpaka leo, kwa kila mtu kuangalia tu mahali pake kila siku. Kila mara natabasamu, halafu natamani angekuwa wangu, halafu naona haya.

Jumanne, 17 Septemba

Amepatikana.

Katekista wa Bafwasende, kwenye njia ya camion za Butembo, amenipigia saa tano. Ana mvulana kwake, Mumbere, miaka tisa, alikuja na camion ya maharagwe, mama yake alibaki upande wa Lubero. Alimuuliza una mama mkubwa Kisangani? Mtoto akasema ndiyo. Anaitwa Générose? Ndiyo. Ana duka? Ndiyo.

Nimepiga kelele hadi mteja akaangusha sahani. Nimeweka kwenye kundi: TUMEMPATA. Glodie amerusha ngoma na mioyo. Annette alikuwa analia upande wa pili na mimi huku. Watu wamepongezana, wengine wamesema asante kwa kazi nzuri na kutoka kwenye kundi.

Mama Alphonsine peke yake ndiye hakushangilia. "Bamuchezee kwanza vocal ya mama yake," alisema. Nikamwambia camion inatoka Bafwasende saa saba, hakuna muda wa michezo, na mtoto mwenyewe amesema ndiyo mara tatu.

"Bon," akasema. Akachukua samaki wake akaenda.

Ijumaa, 20 Septemba

Alishuka kwenye camion saa nane, mvua ikinyesha. Mdogo, kichwa kikubwa, shati la mtu mzima. Nilimkumbatia pale kwenye matope. Alinishika shingo kwa nguvu hadi nikashindwa kupumua. Nikasema damu haidanganyi, ana pua ya baba yetu.

Nyumbani nilimwogesha, nikampa lituma, zile ndizi za kupondwa, na samaki, akala mpaka nikaogopa. Alikuwa ananiita mama mukubwa. Kila nililouliza alikubali. Unamkumbuka bibi? Ndiyo. Mbwa wenu mweusi yupo? Ndiyo. Annette hajawahi kufuga mbwa. Nililisikia jibu hilo, nikalipita kama mtu anayeruka shimo njiani.

Kisha nikachukua simu nikacheza vocal ya Annette. "Mumbere, mikono!"

Mtoto aliiangalia simu. Aliiangalia mikono yake. Akainuka kwa adabu, akaenda kwenye ndoo, akanawa vizuri, mpaka kwenye viwiko, akarudi kukaa, akanitazama kama anauliza amefanya sawa.

Wala hakusema neno lile.

Nilipiga picha na kumtumia Annette. Picha ya kwanza ilitoka na dari tu. Annette alifungua ya pili. Halafu akapiga.

"Yaya," akasema taratibu, "huyu ni mutoto ya nani?"

Hakunipigia kelele. Angenitukana ningepata nafuu. Alisema tu, "Si yeye, yaya. Si yeye," akakata.

Nilirudi kwa mtoto. Nikamuuliza, baba, unaitwa nani kweli? Mumbere, akasema, na hapo hakudanganya. Kwa nini ulisema mimi ni mama mkubwa wako? Alichokonoa ukucha.

"Ulikuwa unatafuta Mumbere," akasema. "Nikasema labda njo miye."

Jumamosi, 21 Septemba

Sikufungua duka.

Jumapili, 22 Septemba

Mama Alphonsine alikuja baada ya misa na samaki wawili wamefungwa kwenye jani. Hakuniuliza kitu. Alikaa na mtoto uani, akamfundisha kutoa miba. Nilisubiri aniambie si nilikuambia. Nilisubiri hadi samaki wakaisha.

"Sema basi," nikamwambia mwenyewe.

"Niseme nini? Weye ulikuwa na haraka ya kufurahi. Ile si zambi."

Kisha akanieleza lililomleta. Tangu Jumanne, kwa sababu niliandika TUMEMPATA, watu wameacha mahali pao. Vituo kumi na sita, vimebaki vinne. Hilaire hakupanda kontena siku tatu. Na jana Hilaire amesikia bandarini kwamba Jumatano, siku moja tu baada ya shangwe yangu, mama mmoja mwuza chumvi alipita Isangi na mvulana, akauliza watu wa bandari kama kuna anayetafuta mtoto wa Kivu. Wakamjibu hapana, yule ameshapatikana. Akapanda boti na mtoto wake, akaendelea chini ya mto.

Nilikaa chini, chini kabisa, kwenye udongo.

Mimi Générose, ninayejua kila kitu, ndiye niliyefunga mlango mtoto wa mdogo wangu alipokuwa anabisha.

Jumatatu, 23 Septemba

Nimetuma vocal kwenye kundi. Nilirudia mara tano. Nimesema: Mimi ndiye niliyekosa. Nilishangilia kabla ya kuhakikisha. Mtoto niliyempokea si wetu, ni wa mama mwingine ambaye naye analia mahali. Tafadhali rudini kila mtu mahali pake.

Nilijitayarisha kwa matusi. Nikaanza kupanga masufuria. Halafu Hilaire, upepo mkali nyuma yake, maana yake yuko juu ya kontena: "Kwangu tupu." Halafu Bangboka. Halafu parokia moja moja. Wale waliotoka waliomba Glodie awarudishe. Marie-Jeanne aliandika yote.

Nilikuwa mlangoni na Alphonsine, nikisikia akiwajibu mmoja mmoja, tumesikia, tumesikia. Nilifuta macho na kitenge. Watu hawa sijawahi kuwapa hata kikombe cha maji.

Jumatano, 25 Septemba

Sheria mpya, ya Alphonsine, imeandikwa na Glodie juu ya kundi. Hakuna anayesema amepatikana mpaka mtoto amesikia sauti ya mama, na mama amesikia sauti ya mtoto.

Nimerekodi pia sauti ya Mumbere huyu wa pili. Anasema anakumbuka wimbo mama yake aliouimba akitwanga. Ameuimba akiwa ameangalia ukuta. Tumeutuma Butembo. Na aliyeomba apewe mahali pa kuucheza, kambi za waliokimbia na makanisa ya huko, ni Annette. Mtoto wake mwenyewe yuko mtoni hajulikani wapi, na yeye anazunguka na sauti ya mtoto wa mwingine.

Nilimwambia pumzika kwanza. "Nikikaa nitakufa, yaya," akasema. "Unipe fasi yangu."

Jumanne, 1 Oktoba

Kwangu tupu. Annette: kwangu tupu.

Jumapili, 6 Oktoba

Kwangu tupu. Mto umepanda. Alphonsine anasema maji yamewavunjia nguzo mbili za mitego. Amekuja hata hivyo.

Jumatatu, 14 Oktoba

Tumempata mtu wa Basoko, chini zaidi ya Isangi, alikoelekea mwuza chumvi, ambako Aruwimi inaingia mtoni. Anaitwa Alfani, mvuvi. Hilaire alimpelekea ujumbe kwa boti, na Glodie amemwongoza kwa simu siku mbili nzima hadi akajua kutuma vocal. Nimemsikia msichana huyu akirudia maelezo yale yale mara thelathini, bila kukasirika hata kidogo. Mimi ningeshamtukana Alfani tangu mara ya pili. Zile kucha nilizozidharau, leo nimemnunulia rangi yake.

Jumanne, 22 Oktoba

Kwangu tupu. Mumbere wa pili ana homa. Nimekaa naye.

Jumanne, 29 Oktoba

Alfani: kwangu tupu. Anasema akicheza vocal sokoni hakuna anayesikia, simu yake ina sauti ya mbu. Glodie amemuuliza kama hakuna mtu mwenye baffle, kipaza sauti. Yuko mmoja, akasema, mwuza dawa ya panya, lakini ni mtu wa hasira. Alphonsine akamtumia mwuza dawa vocal. Sijui alimwambia nini. Alikwenda kuzungumza pembeni, karibu na mfereji, kwa Lingala, kwa muda mrefu.

Ijumaa, 1 Novemba

Watakatifu Wote. Kwangu tupu. Mwuza dawa amekubali.

Jumamosi, 2 Novemba

Siku ya marehemu. Nilitoka kanisani na moyo mzito, nikakuta Alphonsine mlangoni saa nne, si saa yake. Glodie yuko naye. Mumbere wa pili yuko kati yao. Glodie akanipa simu.

Vocal ya Alfani, dakika mbili na sekunde kumi.

Kwanza soko. Kuku, mashine ya kusaga, mtu anagombania bei ya mihogo. Halafu kishindo cha baffle kufunguliwa, na sauti ya mdogo wangu ikatoka, kubwa, kubwa kuliko alivyowahi kuwa maishani, juu ya Basoko yote: "Mumbere, mikono!"

Soko likapungua kelele. Mtu akacheka. Watoto wa pale, watundu, wakaanza kuiga: mikono, mikono. Alfani akasema taratibu kwenye simu, "Tunarudilia." Mara ya pili: "Mumbere, mikono!"

Kuku. Mashine ya kusaga imezimwa.

Mara ya tatu Annette akaita. Na kwa mbali, nyuma ya kitu, sauti ya mwanamke ikasema, "Weye, kuya hapa, unaenda wapi? Utamwanga chumvi." Halafu miguu inayokimbia kwenye matope. Halafu, karibu sana na simu, mtoto anayehema, mwenye sauti ya kukasirika, ya mtu aliyesumbuliwa mchezoni, ya uongo mtupu:

"Nilishanawa!"

Sikupiga kelele. Safari hii sikuandika chochote kwenye kundi. Niliituma kwa Annette peke yake, nikakaa juu ya beseni la Alphonsine, naye Alphonsine akasimama nyuma yangu na mkono begani. Ilichukua muda, kwa sababu Annette alikuwa kambini anacheza ule wimbo. Tuliona zile alama mbili zikigeuka buluu. Tukangoja.

Vocal yake ilikuwa fupi.

"Alfani, baba, umuambie arudi kunawa. Anasema uongo. Anasemaka vile kila siku."

Hapo ndipo Alphonsine alilia. Sikuwahi kumwona akilia.

Yule mwuza chumvi tumeongea naye kwa simu ya Alfani. Alimkuta Mumbere parking ya Kisangani mwezi wa saba, amekaa juu ya gunia tupu, anauliza duka la mama mukubwa bila kujua mtaa. Amemlisha miezi minne na kuuliza kila bandari. "Muniwie radhi, sina simu ya kuona mambo yenu," akasema, yeye ndiye anaomba radhi. Nilisema tu mama, mama, mama. Atampandisha Kisangani yeye mwenyewe kwa boti ya wiki ijayo.

Jumapili, 3 Novemba

Nilifikiri leo kundi litalala. Nilistahili kulala na mimi.

Saa kumi na mbili asubuhi simu ikalia. Wa kwanza alikuwa Annette, kutoka kambini Butembo, sauti imekauka kwa kulia usiku kucha.

"Kwangu tupu."

"Tumesikia, mama," Alphonsine akamjibu kutoka mlangoni kwangu.

Nilivaa viatu vya mvua. Mumbere wa pili alikuwa ameshavaa vyake, amesimama kando ya ndoo, mikono inadondoka maji. Tulikwenda parking pamoja. Camion tatu zilikuwa zimefika na matope ya njia nzima, tukauliza kila dereva, tukamchezea kila mama aliyeshuka ule wimbo, na kila mama alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akamshika mtoto shavuni.

Nikafungua vocal. Akaninyooshea mkono, nikampa simu.

"Kwetu tupu," akasema, kwa sauti ya kazi, kama Hilaire juu ya kontena.

Tulikaa kwenye gunia tukasubiri ajibiwe. Alijibiwa. Akanirudishia simu, akaniuliza camion ya nne inaingia saa ngapi.